Wasomaji Wauliza: Mstari kwenye mitutu ya shotigani ya babu

SWALI: Shotigani ya marehemu babu, kalibu 12 ya Kiingereza yenye mitutu miwili, sasa iko kwenye cheti changu. Sentimita tisa hivi kutoka nyuma, mstari mwembamba unazunguka kila mtutu. Ni ufa? Tena mitutu ina sentimita 66 tu, na jirani anashikilia kwamba ilikatwa. – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Ufa hauzunguki mitutu yote miwili mahali pamoja, tena kwa unyoofu huo. Hicho ni kiungo. Mitutu ikichakaa, fundi huikata mbele ya chemba, yaani pale risasi inapowekwa, akabakiza sehemu ya nyuma na kupachika mirija mipya ndani yake. Nyuma kukiwa na michirizi ya damaski, yaani chuma kilichosokotwa, na mbele chuma kitupu, shaka imekwisha. Wengine huchonga nakshi ya mkanda juu ya mstari ili kuuficha. Nakshi ya namna hiyo ichunguze kwa kioo cha kukuza.

Uingereza, kazi hiyo hulazimu majaribio mapya ya uimara wa mitutu, London au Birmingham, na mitutu hupigwa neno SLEEVED. Hakikisha bunduki haina risasi, ifungue, usome mihuri iliyo chini ya mitutu upande wa chemba. Neno hilo lisipokuwepo, wala muhuri mpya, usiifyatue.

Kuhusu kukatwa, urefu peke yake si ushahidi. Robert Churchill, mtengenezaji bunduki wa London, aliuza bunduki za inchi 25, yaani sentimita 63.5, zikiwa mpya. Tazama midomo. Mitutu ya asili hukaribia kugusana pale mbele. Iliyokatwa huacha mwanya, nao huzibwa kwa lehemu. Kisha pima kipenyo mdomoni na sentimita 15 nyuma yake. Mbano wa mtutu, yaani kule kupungua kwa kipenyo, huwa kwenye sentimita chache za mwisho, kwa hiyo ukikatwa hutoweka. Vipimo vikilingana kwa mitutu yote miwili, na mwanya upo, jirani yako amesema kweli.

Pima pia kipenyo cha ndani sentimita 23 kutoka nyuma. Muhuri wa zamani wa 13/1 humaanisha kipenyo cha milimita 18.26. Ukipata 18.6, mtutu umekwanguliwa ndani baada ya majaribio, labda kuondoa kutu, na majaribio yale hayahesabiki tena. Unene wa ukuta ukishuka chini ya milimita 0.5, mafundi wengi huukataa. Kazi ya kupima mpe fundi aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) ya kawaida haifiki katikati ya mtutu.

SWALI: Fundi ataka kuipa shotigani yangu ya mitutu miwili weusi mpya kwa dawa ya moto. Nikubali? – Msomaji, Karen

JIBU: Kataa. Magadi makali ya dawa hiyo hula lehemu inayoshika ukanda wa katikati. Weusi wa mitutu miwili hutengenezwa kwa kutu ya polepole. Kama iliwahi kutumbukizwa katika dawa hiyo, ning'iniza mitutu mitupu kwa ndoano yake, uigonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, ukanda umeshika; ikikoroma, umeachia.