Jibu: Je, akina Kennedy wote ni ukoo mmoja?

Ndugu, umeuliza kama kila mwenye jina la Kennedy ana undugu na Rais John F. Kennedy. La hasha. Ukoo mkuu wa Ayalandi wenye jina hilo, uliotawala Ormond, kaskazini mwa Tipperary, hujinasibisha na Cinnéide, mtoto wa ndugu yake mfalme Brian Boru, aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014. Charles Kennedy, aliyeongoza chama cha Liberal Democrats cha Uingereza kuanzia 1999 hadi 2006, alikuwa Mskoti, na Uskoti ina akina Kennedy wake wa tangu zamani.

Patrick Kennedy, baba wa babu yake rais, aliondoka kwenye shamba la familia huko Dunganstown, Wexford, nchini Ayalandi, wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, akawa fundi wa mapipa mjini Boston hadi alipofariki mwaka 1858. Juni 1963 kitukuu wake, akiwa rais, alifika kwenye shamba lilelile na kunywa chai uani pamoja na jamaa zake. Wakenya nao wana sababu ya kuikumbuka familia hiyo, kwani mwaka 1960, baada ya Tom Mboya kumwendea John Kennedy, wakati huo seneta, wakfu wa familia ulichangia nauli za ndege za wanafunzi waliokwenda kusoma Marekani.