Daktari wa simu sawa, lakini uwe na wa kwako

Wapo wanaoniuliza kuna haja gani ya kukaa foleni kituo cha afya wakati daktari anapatikana kwenye simu hata usiku wa manane. Haja ipo, tena kubwa, hasa kama nyumbani kuna mgonjwa wa presha au sukari.

Mama yangu ana presha. Akashikwa na kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa. Tukapiga huduma ya madaktari wa mtandaoni. Wa kwanza, mstaarabu kabisa, akaandika dawa ya kikohozi. Hakikupoa. Tulipopiga tena tukapata mwingine, tukasimulia upya, akaandika dawa ya mzio. Tabibu wa kliniki yake yeye alifungua daftari, akateremsha kidole mpaka tarehe aliyobadilishiwa dawa ya presha. "Mama, kikohozi kilianza kabla ya hii enalapril au baadaye?" Baadaye. Dawa za jamii hiyo huwaletea baadhi ya watu kikohozi. Akambadilishia losartan, dawa nyingine ya presha, na wiki chache baadaye kifua kikatulia.

Wale wa simu siwalaumu; daftari hawakuwa nalo.

Simu bado naitumia: kueleweshwa majibu ya vipimo, kuuliza dozi, kuonyesha upele. Homa ya mtoto, hapana. Kwetu homa ni lazima ipimwe malaria, na bila tone la damu daktari wa mbali atabahatisha tu. Kifua kubana, mdomo kupinda, mjamzito kutokwa damu: hospitali, moja kwa moja.

Ukipiga, omba jina kamili la daktari na namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Alichokushauri kiandike kwenye daftari lako siku hiyohiyo, usikiache kwenye programu, maana programu nayo yaweza kufungwa. Rwanda walikuwa na Babyl, huduma ya simu iliyoanza 2016. Ilifungwa 2023 baada ya kampuni mama ya Uingereza, Babylon, kuporomoka.

Na huyo daktari wako utampataje? Chagua kituo kimoja, uliza tabibu aliyekuhudumia vizuri huwa zamu siku zipi, upange kliniki zako siku hizo. Watumishi wa serikali huhamishwa, najua. Ukisikia anaondoka, muombe akuandikie ukurasa mmoja: una ugonjwa gani, umetumia dawa zipi, ipi ilikukataa na kwa nini.