Uchungu Haungoji Kafyu Iishe

Dada zangu wajawazito huniuliza: mlipuko wa ugonjwa ukiingia, tuogope nini kwanza? Nilijifungua Nairobi Mei 2020, korona ikiwa bado ngeni kwetu, na jibu langu ni barabara. Virusi tulijikinga kwa barakoa na sabuni. Lakini kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi ilitufungia ndani saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na uchungu hauchagui saa. Matatu hakuna, bodaboda wameshalala, na wenye magari waliogopa rungu la polisi.

Dkt. Jemimah Kariuki aliliona hilo akiwa kazini hospitalini Nairobi: akina mama walipungua wodini, na waliofika walifika hali ikiwa mbaya. Akaanzisha Wheels for Life, mama akapiga 1195 bure na kutumiwa teksi au ambulansi usiku. Mungu ambariki. Lakini huduma kama hiyo huenda isiwepo unapoishi.

Kwa hiyo panga usafiri mimba ikiwa ya miezi saba. Tafuta dereva anayelala karibu nawe, si wa mtaa wa pili, mkubaliane bei mapema na pesa uziweke kando. Tafuta na wa akiba. Sisi tulielewana na jirani wa ploti yetu. Usiku ulipofika nilishika kitabu cha kliniki mkononi, kikiwa wazi kwenye ukurasa wa tarehe ya kujifungua. Kwenye kizuizi, afisa alimulika kile kitabu, akamulika tumbo, akavuta misumari kando bila neno.

Kliniki usiache, hata foleni ikikutisha. Piga simu uulize siku yenye watu wachache, keti karibu na dirisha. Presha haipimwi kwa simu. Na ukitokwa na damu, kichwa kikikugonga huku macho yanaona ukungu, uso ukivimba, au mtoto akipunguza kucheza, toka saa hiyo hiyo, kafyu au hakuna kafyu.

Uliza pia kama utaruhusiwa mtu wa kuwa nawe leba. Shirika la Afya Duniani lilisema ni haki ya mama hata wakati wa korona, lakini hospitali nyingi zilikataa. Mama mkwe wangu aliachwa getini na kikapu cha uji, nami nikaingia peke yangu kwa nesi mmoja aliyekuwa akikimbia kitanda hadi kitanda. Aliyechoka hivyo hawezi kukisia unachosikia mwilini. Sema kwa sauti: "Sista, damu ni nyingi, pedi imelowa yote." Asipokuja, rudia. Usione haya.

Wakitaka kukutenga na mtoto, uliza sababu. Ushauri wa shirika hilo ulikuwa kwamba mama, hata mwenye korona, akae na mwanawe na amnyonyeshe, mradi avae barakoa na kunawa mikono.