Kofia ya Bibi yako

Mwanangu,

Hatujambo. Umeniuliza kofia ya sufu unayomfumia Bibi uifume kubwa kiasi gani, ili ukiisugua kwa maji ya moto ijikaze impate sawasawa. Wafumaji husema theluthi moja zaidi, lakini nyuzi hazifanani. Fuma kwanza kipande cha sentimita 15 kwa 15, kisugue, kikauke, ukipime tena. Basi.

Mimi nauliza uzi umeutoa wapi. Kondoo wetu huku Ugogoni wana manyoya mafupi kama mbuzi, hawatoi sufu ya kusokota, kwa hiyo labda umefumua sweta la mtumba. Kama lebo yake iliruhusu kufuliwa kwa mashine, utasugua mpaka vidole vichubuke na kofia itabaki vilevile. Akriliki, ule uzi wa plastiki, ndiyo kabisa.

Lile sweta la kijani unalijua kwa kusimuliwa na shangazi yako, ambaye huongeza chumvi. Nililinunua Sabasaba kwa mshahara wangu wa kwanza, sufu tupu. Bibi yako alilivaa kipupwe kimoja tu, na upepo wa Kongwa wa Julai unaujua. Nikaja likizo, nikasema leo namfulia mama. Nikachemsha maji, nikamwaga sabuni ya unga, nikalifikicha kwenye beseni kama ovaroli ya gereji. Likatoka la kumtosha mtoto wa chekechea, limenenepa kama blanketi la jeshi. Unywele wa sufu una magamba. Ukipata moto, sabuni na msuguano, unashikana na wenzake na hauachii tena. Siku ile sikuyajua hayo. Nilijua nimeua sweta la mama.

Hakunigombeza. Afadhali angefoka, maana ule ukimya unanichoma mpaka leo. Alilivuta huku na huku, akachukua mkasi, akakata kiwiliwili. Nikafumba macho nikingoja lifumuke. Halikufumuka hata uzi mmoja. Akashona upande wa juu, akaligeuza, akavaa kichwani.

"Na hii umeinunua bei gani?" akaniuliza.

Tia bitana ya kanga kuukuu, laini. Mzee havai kinachomkuna, nimekwambia mara ngapi. Ingawa ile ya kijani haikuwa na bitana na aliivaa miaka na miaka, hata shambani. Au ilikuwa inamkuna akavumilia kwa ajili yangu? Sijawahi kumuuliza. Mzee havai kinachomkuna. Tia bitana.

Kuhusu kumfanyia kwa siri au kumwambia mapema, hilo ni lenu wawili, siingilii. Ila amenyoa nywele tangu Pasaka, na kipimo ulichonacho ni cha kichwa chenye nywele. Sisemi zaidi. Jumamosi nakwenda Kongwa, nitachukua futi kamba ya fundi jirani, nijifanye nampimia gauni nianzie juu. Sentimita nitakutumia kwa simu.

Baba yako