Kwa kijana anayeanza kuuza maua ya Naivasha ng'ambo

Umemaliza Egerton au chuo kingine, umepata kazi katika ofisi ya mauzo ya shamba la maua, na wiki ya kwanza unakabidhiwa orodha ya wateja: Uholanzi, Uingereza, Japani, Ghuba, Urusi. Bei utafundishwa, urefu wa shina utafundishwa, hata joto la chumba cha baridi utalijua kwa moyo. Ambalo hakuna atakayekaa nawe akufundishe ni jinsi kila mmoja wa watu hao anavyosema "hapana", na jinsi anavyotaka kuambiwa "hapana" na wewe. Kwa miaka niliyokaa katika kazi hii, wateja wengi nimeona wakitutoka hapo, maua yenyewe yakiwa mazuri kabisa.

Anza na Mholanzi, maana sehemu kubwa ya maua yetu hupitia mikononi mwake. Barua pepe yake ya asubuhi huenda ikawa na sentensi mbili tu: maua ya Jumanne yalikuwa na ukungu, na bei yako iko juu. Salamu hamna. Mtu aliyelelewa Bungoma au Nyakach, ambako hata anayekuja kudai deni huuliza kwanza hali ya watoto, atadhani ametukanwa. Hujatukanwa. Amekuambia wazi ili upate kurekebisha, na kwake hiyo ndiyo heshima. Mjibu vivyo hivyo: ukungu ulianzia wapi, umechukua hatua gani, mzigo unaofuata unaondoka lini.

Ukitaka kumwelewa, angalia mnada wa maua wa Aalsmeer, kule Uholanzi, unavyoendeshwa. Saa ya mnada, inayoonyesha bei badala ya wakati, huanzia bei ya juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye amenunua. Kila kitu huisha kwa sekunde chache. Hakuna "nipunguzie kidogo", wala kuondoka hatua tatu ukitarajia kuitwa, kama tufanyavyo sokoni Nakuru. Aliyekulia katika biashara hiyo ukimtajia bei ya juu ili mvutane, yeye huifunga barua yako na kumwandikia mwingine.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Sisi hatupendi kumvunja mtu moyo. Tukiulizwa kama mzigo utatimia tunasema "hakuna shida" au "tutajaribu", hata kama tumetoka kwenye vivungulio, zile nyumba za kukuzia maua, tukaona vichwa vya maua bado vidogo. Mawaridi ya Siku ya Valentino hupogolewa mapema kabla ya Krismasi ili yachanue kwa wakati. Mawingu yakikaa Naivasha mwezi wa Januari, yanachelewa, na hakuna dawa ya kuyaharakisha. Mkuu wa vivungulio anajua. Wanaopanga maua kwa madaraja ya ubora wanajua. Mteja peke yake ndiye hajui, naye ameshaahidi supamaketi.

Siku hiyohiyo unapojua, mwandikie hivi: "Tuliahidi maboksi 40 ya mawaridi mekundu ya sentimita 60. Tutapata 28. Yaliyopungua ni 12, sababu ni baridi na mawingu. Tunaweza kujaza na ya sentimita 50 kwa bei yake. Naomba jibu leo kabla ya saa kumi alasiri." Atakasirika, pengine atakupigia simu kwa sauti kali. Lakini akiwa na siku tano mkononi atanunua 12 kwa mwingine na rafu za supamaketi zitajaa. Akigundua upungufu ndege ikiwa imeshatua Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, hana pa kukimbilia, na mwaka ujao hutapata oda yake.

Mjapani ni kinyume, na nadhani sisi tungepaswa kumwelewa upesi kuliko Wazungu. Mzee wa kijijini kwetu hakatai ombi la mgeni mbele ya watu. Husema ataliangalia, nawe unaelewa. Mnunuzi wa Tokyo naye akisema jambo hilo "ni gumu kidogo", limekwisha, usimsukume. Akinyamaza baada ya kusikia bei, usikimbilie kuishusha, huenda anafikiri tu. Na akikutumia picha ya petali moja iliyochubuka, punguzo la bei halitamtuliza. Anataka maelezo ya chanzo, hatua kwa hatua, na namna mlivyohakikisha hakirudi. Japani ni wakali pia kwa wadudu: mdudu hai akionekana kwenye ukaguzi wa kuingia, mzigo huweza kufukizwa dawa, na maua huumia.

Kwa wateja wa Ghuba, piga simu, na salamu zichukue muda wake. Hapo malezi yetu yanatufaa, na kuvutana bei kunatarajiwa. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo iandike upya kwenye kalenda. Falme za Kiarabu zilihamishia wikendi Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, Ijumaa ikawa nusu siku. Saudia bado hupumzika Ijumaa na Jumamosi.

Kuna desturi yetu moja nzuri ambayo lazima uiache getini. Mama mboga akishakupimia nyanya hukuongezea moja, na wewe unarudi kwake kesho. Ukifanya hivyo kwa mteja wa Urusi aliyeagiza mashada yenye maua 11 kila moja, ukaweka ua la 12 kwa roho safi, umemharibia biashara: kule idadi shufwa hupelekwa msibani, aliye hai hupewa witiri. Fundisha jambo hili hadi kwa wanaofunga mashada, kwa sababu mkono wenye ukarimu ndio wao. Vivyo hivyo, krisanthemamu kwa Mfaransa ni ua la makaburini, la tarehe 1 Novemba. Usimpendekezee kwa meza ya chakula.

Siku ya Akina Mama nayo ina tarehe zaidi ya moja. Uingereza huifuata Kwaresima, Jumapili yake ya nne, hivyo mara nyingi huangukia Machi, karibu na kishindo cha tarehe 8 cha Siku ya Wanawake. Uholanzi na Marekani ni Jumapili ya pili ya Mei. Mteja wa London akiuliza maua ya "Siku ya Akina Mama" mwezi wa Januari, hajauliza mapema mno. Mjibu siku hiyohiyo. Halafu angalia saa yako: Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Amsterdam iko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, na mnada hauahirishwi kwa ajili ya yeyote.