Taya Linaalika, Ulimi Unawaka: Ning'oe Jino la Tatu?

SWALI: Assalam aleykum daktari. Mie ni mama wa miaka 49, naishi Langoni, Lamu. Mwaka wa pili huu ulimi waniwaka moto, hasa ncha yake, na midomo pia. Asubuhi naamka na nafuu lakini ikifika alasiri sitaki hata kuongea, na nikitazama kwenye kioo sioni kidonda wala nini. Sasa juu ya hayo taya la kulia nalo limeanza, nikifungua mdomo laalika hapa mbele ya sikio, nikila pweza au mkate wa mofa kichwa chauma upande huo hadi usiku. Nilienda kwa watu wa meno nikang'olewa gego, maumivu yakabaki, nikarudi nikang'olewa la pili. Saa hizi naambiwa ni la tatu, na eksirei haionyeshi kitu. Nyumbani wanasema ni mawazo tu. Tambuu nala lakini si nyingi. Nifanyeje?
Mama wa Langoni

JIBU: Waaleykum salaam bi, pole sana. Hilo jino la tatu liache hapo hapo lilipo kwanza.

Jino bovu lina tabia zake, linashtuka ukinywa cha baridi, ukiligonga linauma, na mara nyingi eksirei inaonyesha shimo au usaha kwenye mzizi. Wewe hujaandika hata moja katika hayo. Ila msuli wa taya ukiuma una mchezo wa kupeleka maumivu kwenye magego, mtu anaapa kabisa kwamba ni jino hili hapa, linang'olewa, na kesho yake linauma la jirani.

Jaribu hivi sasa hivi ukiwa unasoma. Weka vidole shavuni, chini ya mfupa wa shavu, kaza meno, utasikia msuli unajaa chini ya vidole. Legeza, halafu bonyeza hapo hapo kwa nguvu kidogo, kisha panda hadi kwenye panja ufanye vilevile. Ikiwa yanakuja yale maumivu yako unayoyajua, yanapanda kichwani au yanashuka kwenye meno, basi sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye msuli. Daktari anayeijua hii kazi huanza na vidole vyake, hata vigezo vya kimataifa vya maradhi ya taya vilivyotoka 2014 vimesimama hapo, kubonyeza misuli na kupima mdomo unafunguka kiasi gani.

Huko kualika kusikutishe. Ndani ya kiungo mna kipande cha gegedu, taya likifunguka linazunguka kisha linateleza mbele, sasa hiyo gegedu ikiwa imesogea kidogo taya linairukia na ndo unasikia huo mlio. Wako watu chungu nzima mataya yanaalika kila siku na hawana habari, mlio mtupu bila maumivu hatuutibu.

Kwa nini ulimi na taya vimekuja pamoja? Punda akiumia mguu mmoja uzito anautupa kwenye mingine, na hiyo mingine nayo inachoka. Mdomo unaowaka hautulii, unausukuma ulimi kwenye meno kuukagua, unakaza meno bila kujua, unatafuna upande mmoja kukwepa pilipili, usiku hulali vizuri, na misuli inafanya kazi mchana na usiku. Halafu ulimi na taya hisia zake zinapita kwenye neva kubwa moja ya uso, na mishipa ya fahamu ikishakaa na maumivu miezi mingi inakuwa myepesi mno, kitu kidogo kinauma sana. Hayo sio mawazo, waambie nyumbani nimesema mimi.

Sasa hiyo tambuu ya "si nyingi" ndo imefanya niiweke barua yako mbele ya zote. Popoo, ile kokwa ngumu inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, inaweza kuifanya ngozi ya ndani ya shavu iwe ngumu na nyeupe, mdomo unawasha ukila pilipili na kidogo kidogo unaacha kufunguka, mtu anadhani ni kiungo cha taya kumbe ni shavu limekakamaa. Hali hiyo inaweza kugeuka saratani, na mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa WHO waliiandika popoo yenyewe kuwa chanzo cha saratani. Simama mbele ya kioo, jaribu kuingiza vidole vyako vitatu vikiwa vimesimama kati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, au shavu kwa ndani ni gumu kama lina kamba, usingoje. Na vikiingia pia, popoo wacha bi, najua harusini utatamani.

Huo moto wa ulimi nao utafutwe chanzo chake. Omba upimwe sukari, damu, madini ya chuma na vitamini B12, uangaliwe fangasi, na uwaambie dawa zote unazomeza maana ziko za presha zinazokausha mdomo. Vipimo vyote vikiwa sawa, ni tatizo la neva zenyewe, linawapata sana kina mama wa umri wa kukoma hedhi, na lina dawa zake. Mafuta ya karafuu usipake, yanaunguza zaidi.

Kwa taya, wiki chache hizi pweza na miwa weka kando, kula vitu laini, kanda shavu kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 15 hivi asubuhi na jioni. Kubwa kuliko yote jifunze mkao huu: midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umetulia juu kwenye kaakaa. Meno kazi yake kugusana ni wakati wa kula na kumeza, basi. Bandika karatasi kwenye friji ikukumbushe. Isiposhuka, daktari anaweza kukutengenezea plastiki ya kuvaa kwenye meno usiku au kukuandikia amitriptyline, dawa ya kutuliza neva, ya dozi ndogo. Lakini akikwambia akusage meno ili yakae sawa, kataa.

SWALI: Doki, niko Malindi, nauza simu. Nikila muguka (jaba, majani ya miraa) wikendi, Jumatatu taya limekaza siwezi kula hata chapati. Ni meno?
Kijana wa Malindi

JIBU: Si meno, ni muguka. Unatafuna masaa sita, majani umeyarundika shavu moja, juu yake chingamu, na jaba yenyewe inamfanya mtu akaze meno huku inamficha uchovu, kwa hivyo msuli ukilalamika wewe husikii mpaka stimu ziishe. Sina haja ya kurudia zile kelele za 2024 za marufuku ya muguka huku Pwani, ila taya lako halijui siasa. Acha wiki tatu uone. Ukishindwa kuacha, hapo tuna mazungumzo mengine, na si ya taya.

SWALI: Mama yangu alipiga mwayo mdomo ukabaki wazi, jirani akataka kumpiga kofi ili taya lirudi. Je, ni sawa?
Msomaji, Shela

JIBU: Hapana jamani! Taya limechomoka mbele, kofi linaweza kuvunja mfupa. Mpeleke hospitali, njiani mshikie kitambaa maana mate yatamwagika na hawezi kumeza vizuri. Daktari anaingiza vidole gumba kwenye magego ya chini, anakandamiza chini halafu anarudisha nyuma, mara nyingi linarudi muda huohuo. Baada ya hapo wiki kadhaa asifungue mdomo sana, na mwayo ukija aweke ngumi chini ya kidevu.