Maswali yenu kuhusu vipindi 24 vya jua vya Wachina

Mwaka Mpya wa Kichina huhamahama, mbona Dongzhi, kilele cha majira ya baridi, ni Desemba kila mwaka? Si wanafuata mwezi? (Msomaji, Mombasa)

Wanafuata vyote viwili. Miezi yao huenda na mwandamo, lakini vipindi 24, yaani jieqi, hufuata jua peke yake. Njia ya jua ya mwaka mzima, nyuzi 360, imekatwa vipande vya nyuzi 15, kila kimoja kama siku 15. Ndiyo maana Lichun, mwanzo wa machipuko, haibanduki siku za Februari 3 hadi 5. Watu wa pwani hawatashangaa: Waislamu sisi, mwezi tunao, na bado mabaharia na wakulima wa zamani walihesabu miongo ya siku kumikumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua, kwa sababu pepo na mvua havingoji mwandamo.

Siku ya Dongzhi huliwa nini? (Msomaji, Morogoro)

Inategemea unamuuliza nani. Kaskazini ni jiaozi: unga wa ngano uliosukumwa mwembamba, ukajazwa nyama na mboga, ukafungwa na kuchemshwa. Kusini wengi hula tangyuan, vidonge vya unga wa mchele wa kunata kwenye maji matamu. Ngano huko, mchele huku. Shamba ndilo lililoamua. Kaskazini watakusimulia pia kuhusu Zhang Zhongjing, tabibu wa enzi ya Han, aliyeona maskini wameungua masikio kwa baridi. Akapika nyama ya kondoo na dawa za kupasha mwili joto, akaifunga katika unga kwa umbo la sikio. Mpaka leo watoto huambiwa asiyekula jiaozi siku hiyo masikio yataganda na kudondoka. Hadithi tamu, kuiamini ni juu yako.

Qingming ni siku ya kilio? (Msomaji, Nakuru)

Nusu tu. Ni kimoja cha vipindi hivyo 24, huwa Aprili 4 au 5, hivi, na tangu 2008 ni mapumziko ya kitaifa China. Familia hufyeka na kufagia makaburi, huweka chakula na matunda, kisha hutembea mashambani na kurusha tiara. Karibu na Shanghai na Hangzhou hula qingtuan, madonge ya kijani ya mchele wa kunata yaliyotiwa maji ya majani ya jamii ya pakanga, ndani maharage mekundu matamu. Huliwa baridi, kwa kuwa Qingming imemeza sikukuu ya kale ambayo moto haukuwashwa. Chai ya Longjing iliyochumwa kabla ya siku hiyo ndiyo ghali zaidi.

Majina hayo yanatabiri hali ya hewa kweli? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa bonde la Mto Huanghe, kaskazini mwa China, yalikozaliwa, kwa kiasi fulani. Guangzhou, kusini kwenye joto, haioni theluji siku ya Daxue, “theluji kubwa”. Hata Liqiu, mwanzo wa vuli, huja Agosti mwanzoni watu wangali wanatokwa jasho.

Nami niyafuate nikiwa Dar es Salaam?

Mapishi, ndiyo. Tarehe, hapana: Dongzhi ni siku fupi kuliko zote kaskazini mwa ikweta, kwako jua liko karibu utosini.